Jina la Zamani Gazetini

Hsinchu, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na baba na hata yule paka asiyenipenda. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Mimi mwili mzima, ila kichwa changu sikielewi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utaniuliza kama nimekula, nitajibu nimekula, na mazungumzo yataishia hapo.

Najua unawaringia majirani kwamba mwanao anatengeneza kompyuta. Sitengenezi, mama. Kazi yangu ni kuzipa majina prosesa, ule ubongo ulio ndani ya seva, zile kompyuta kubwa zinazotunza kumbukumbu za mabenki na hospitali. Mwaka jana tulitoa moja tukaiita K620. Ikawa inapata joto kisha inazimika. Mafundi waliweka juu ya seva pakiti ya kijani ya vitafunio, kama desturi ya mafundi wa huku, maana jina lake ni kama kusema 'kuwa mtulivu', ili mashine itulie. Wapi! Wanunuzi wakaisusa.

Mwezi uliopita mkurugenzi wetu, Bwana Kao, akatuita. Alisema jina limeshachafuka, litafutwe jingine. Nikauliza kama ndani imerekebishwa. Akaniambia, "We dada, wewe ni wa majina au wa nyaya?" Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Nikaipa jina K800. Magazeti ya kompyuta yakatangaza kwamba kizazi kipya kimefika, na hospitali moja ya watoto huko Tainan ikaagiza seva arobaini.

Hapo ndipo nilipovurugika. Nilikumbuka nilivyokuwa na miaka saba, homa haziniachi, ukanipeleka kwa mpiga ramli nyuma ya soko. Alihesabu mistari inayochora herufi za jina langu, akasema ndilo linaloniumiza. Ukaniita Tzu-yun, ukakataza mtu yeyote asilitaje tena lile la kwanza. Nikapona. Sasa na mimi nimeifanyia mashine vilevile, mbona naona aibu? Kisha nikakumbuka zile dawa chungu ulizoninywesha kila asubuhi. Mama, K800 haikupewa dawa yoyote.

Kuna barua iliyotoka gazetini, inayosema K800 ni K620 ileile; niliiandika mimi. Sikuthubutu kuweka jina langu, nikaweka lile ulilolikataza. Hospitali imesitisha ununuzi, nashukuru. Lakini ofisini wamepekua orodha yote ya wafanyakazi, hawakuona mtu wa jina hilo, wakamshuku Po-sheng, jirani yangu wa meza, kwa kuwa ndiye mlalamikaji mkubwa. Ijumaa wamemsimamisha kazi, na mkewe anakaribia kujifungua. Akikusanya vitu vyake aliniambia, "Dada, ukimpata huyo Wen-chi, mwambie ameniua." Nilimsaidia kubeba sanduku hadi kwenye pikipiki yake.

Kesho asubuhi naingia kwa Bwana Kao kumwambia Wen-chi ni nani. Sijui kama nilifanya vyema au nilijifanya shujaa kwa mgongo wa mwenzangu. Naogopa, na ninayemwogopa zaidi ni wewe, maana utasema nimeziita homa zirudi.

Msalimie sana baba. Mwambie aniwekee wali wake wa bata mzinga, huenda nikafika kabla wiki haijaisha. Nifungulie mlango, mama, hata nikibisha kwa jina hili.

Ni mimi mwanao,
Wen-chi