Tumeshakunywa Naye, Naogopa Kusaini

Shikamoo Bi Siti, nakuandikia kutoka Murungu, Kibondo, mume wangu Bazilio akiwa shambani maana akijua atanuna, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, siku tunayotakiwa kusaini, kuna kampuni inataka kukodi kiwanja chetu cha juu kilimani isimike mnara wa simu, na sisi tulifurahi, Mungu anaona, basi akaja wakala wao, kijana mstaarabu, akamwamkia mama mkwe kwa Kiha, Bazilio akatoa pombe ya ndizi wakanywa kwa mirija chungu kimoja, majirani wakishuhudia, na kwetu mkishakunywa hivyo mmeshakubaliana, anayerudi nyuma anaonekana mtu wa ovyo.

Sasa mkataba umeletwa, wote Kiingereza, mimi niliishia kidato cha pili, nikapekua hadi ukurasa wa ramani nikakuta mweupe, hauna hata mstari wa kuonyesha mpaka wetu wa minyaa, kuuliza, wakala akasema, "Sainini tu mama, ramani itajazwa baadaye," wakati chini ya kiwanja hicho kuna migomba yetu yote na nyumba ya mama mkwe, hatuna shamba lingine, nikamwambia Bazilio tutafute wakili, akanijia juu, "Loyce, nimekunywa naye chungu kimoja, leo nimpelekee wakili? Wakili ni wa mtu mwenye kesi, sisi tuna kesi gani?" Sasa usingizi sina, je, nisaini kumridhisha mume au nigome nionekane mkorofi?

Loyce, Murungu

Marahaba, Loyce mwanangu. Kusaini ukurasa mweupe? Thubutu! Umenitia hofu, halafu ukanifurahisha kwa kupekua, maana wengi huenda moja kwa moja pale pa kuweka dole gumba.

Mumeo simlaumu kwa pombe. Nimeolewa Kasulu miaka mingi, najua chungu kile kina heshima yake. Lakini majirani walishuhudia nini? Kwamba mnaikaribisha kampuni, basi. Hakuna aliyeonyeshwa mpaka unaishia wapi. Na kijana yule ametumwa tu, akihamishwa atakuja mwingine ambaye hakunywa nanyi, ameshika karatasi yenye sahihi zenu. Tena mwambie Bazilio kwamba mkataba huo uliandikwa na wakili wa kampuni. Wao wana kesi na nani?

Si kila jambo linataka wakili. Ukimpangisha mwalimu mgeni chumba kwa miezi michache, mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wanatosha. Ila mkataba ukigusa ardhi mnayoishi, ukiwa wa miaka mingi, ukiwa kwa lugha usiyoijua, au mtu akikuharakisha, mtafute wakili, na umtafute kabla ya kusaini. Baada ya hapo ndipo mtakuwa na kesi kweli.

Kwa hiyo msigombane. Jumamosi mpikieni kijana, mwambieni mnautaka mnara, ila mnaomba nakala mkasomewe. Waiteni majirani wale wale, mtembee naye kwenye mpaka wa minyaa, kila mtu aone kiwanja kinapoishia, na ramani ichorwe hivyo. Kisha nenda na Bazilio kwa wakili, usiende peke yako. Nauli ikiwa ngumu, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii wilayani kama kuna msaada wa kisheria karibu. Awasomee kwa Kiswahili neno kwa neno. Muulizeni kama kampuni inaweza kumkodishia mtu mwingine kiwanja chenu, mkishindwana mnatokaje, na mama mkwe atapita wapi kwenda kwake. Usipoelewa, uliza tena, usione haya, ndiyo kazi yake.

Minara inasimama kwenye mashamba ya watu na watu wanaishi vizuri tu, kwa hiyo usikate tamaa. Kijana akikubali kungoja, na naamini atakubali, mmepata mpangaji mzuri. Akikasirika, mwongezeeni chakula, msindikizeni hadi barabarani, mrudi kwenye migomba yenu.