Umekwama Wapi?

4 Machi

Mwanangu Sindano,

Natumaini barua hii inakukuta una afya, umeshiba na umevaa sweta. Huku tu wazima. Goti langu linalalamika kidogo nikipanda ngazi, lakini lenyewe limezoea kulalamika na mimi nimezoea kutolisikiliza.

Tangu ndege iondoke sijapumzika kujibu maswali. Nesi wa zahanati ameuliza, muuza mboga ameuliza, hata yule fundi wa saa asiyeongea na mtu ameinua kichwa akauliza. Wote nimewapa jibu moja: binti yangu ameitwa na kampuni kwa sababu kompyuta za huko ziliwashinda wenyewe. Najua uliomba kazi, hukuitwa. Usinisahihishe, hawa hawasomi barua hii.

Mama Redio naye, unamjua jirani yetu asivyopitwa na habari, alikuja kibandani kwangu akijifanya anataka gauni lipunguzwe kiuno. Kiuno chenyewe hakijapungua tangu nimfahamu. Alichotaka ni kusikia, basi nikamsikilizisha. Nikamwambia huyu mtoto tangu darasa la kwanza hajawahi kutamka neno "sijui". Mwalimu akiuliza nani hajaelewa, wenzake mikono juu, yeye mkono uko chini, ametulia. Mama Redio akaondoka bila swali la pili. Hiyo haitokei kila wiki.

Ile simu kubwa uliyoniachia iko salama, haina hata mkwaruzo. Lakini wewe niandikie barua, mwanangu. Barua naikunja naiweka mfukoni, cherehani ikipumzika naitoa nasoma tena. Simu haikunjiki.

Anayekuombea kila siku,
Mama yako

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Goti umelipeleka zahanati au umelikaripia tu? Mimi sijambo, na sweta nimevaa mbili.

Chumba changu kiko ghorofa ya nne. Kina kitanda, meza, dirisha moja linalotazama ukuta wa jengo la pili, na mlango unaofunguliwa kwa kadi. Wiki ya kwanza nilitoka kutupa takataka nikaiacha kadi mezani, mlango ukajifunga. Nilikaa kwenye ngazi saa mbili nzima mpaka mlinzi akapita. Jirani alikuwa ndani, namsikia anaosha vyombo, lakini niliona haya kumbishia hodi.

Kazini tunatengeneza programu ya kupangia wagonjwa miadi: mtu akiwa kwake anachagua siku na saa ya kumwona daktari, akifika hapangi foleni. Tuko saba, na msimamizi wetu ni mama mmoja mrefu, mpole, asiyerudia neno. Kila siku saa tatu asubuhi tunasimama mbele ya ubao. Hakuna viti, makusudi, ili watu wasihutubie. Kila mmoja anaeleza jana alifanya nini, leo anafanya nini, na amekwama wapi. Utacheka: watu wazima wanasema "nimekwama" kama wanaomba chumvi. Kuna mzee mmoja mwenye mvi, ana miaka ishirini katika kazi hii, na kila asubuhi kuna mahali amekwama. Mimi zamu yangu ikifika nasema, "Sijakwama." Nadhani wanashangaa.

Miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Mwisho wa Agosti ndipo wataamua nibaki au nirudi.

Mama, simu vipi? Nimepiga mara sita, naambiwa haipatikani.

Mwanao,
Sindano

18 Aprili

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua nimeipokea nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze kwa furaha. Huku hatujambo. Kelele pekee ni za wazazi wanaodai sare za shule, na wewe unazijua, zinakuja zote wiki moja kana kwamba watoto wamezaliwa jana.

Hiyo simu usiitilie shaka. Ni mtandao wa huku, na siku nyingine nakuwa jikoni, na siku nyingine inachaji. Mambo ni mengi. Wewe endelea na barua.

Nimemsomea Mama Redio kile kipande cha kusimama mbele ya ubao. Nilikisoma taratibu, na pale uliposema "sijakwama" nikarudia asije akasema hakusikia. Tukamcheka sana huyo mzee wa mvi. Miaka ishirini na bado anakwama, si akapumzike alee wajukuu. Hivyo hivyo, Sindano. Wasikuzoee. Mimi nimekulea kwa mkono mmoja na cherehani moja, na hakuna mtu amewahi kunisikia nikisema nimeshindwa.

Tena nimekupa sifa kidogo. Kikundi chetu cha akina mama kiliuliza kama tunaonana, nikawaambia kila Jumapili tunaonana kwenye simu, uso kwa uso. Sasa wanataka siku moja niwaletee hiyo simu kwenye kikao nao wakuone. Nimewaambia una kazi nyingi. Ni kweli, sivyo?

Wako asiyechoka kukutaja,
Mama

11 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima. Kazi ni nyingi siku hizi, nitaandika nikipata nafasi.

Sindano

6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima, ingawa barua yako imenifanya niulize maana ya neno hilo. Ilikuwa fupi kuliko lebo ya shati. Nimeigeuza nyuma nikidhani umeandika na huko, nikakuta karatasi tupu.

Unakula? Kuna mtu amekusema vibaya? Au umepata mchumba? Kama ni mchumba sema tu, nijue naanza kushona lini.

Mimi niko vizuri. Mama Redio aliuliza habari zako nikamwambia barua ilikuwa ndefu sana, ya mambo ya kitaalamu, asingeielewa. Alinitazama usoni. Yule mwanamke ana macho yanayoona mpaka bitana.

Niandikie, hata mistari mitano.

Mama yako

1 Julai

Sindano,

Leo nimeshona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia. Miaka thelathini sijawahi kufanya hivyo. Nimefumua nikakaa chini. Hujaniandikia tangu Mei. Niandikie hata kama ni jambo baya, nitalisoma nimekaa.

Mama

13 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Kaa kwanza, kama ulivyosema.

Mwezi wa nne nilipewa sehemu moja ya ile programu, niangalie isiwape wagonjwa wawili saa ileile. Kwenye meza yangu ilifanya kazi vizuri kabisa. Lakini nilipoijaribu kama inavyotumika kweli, watu wengi wanaomba kwa mpigo, niliona kwamba wawili wakiomba saa ileile katika sekunde ileile, inawapa wote wawili. Niliandika upya, nikafuta, nikaandika tena. Wiki sita, mama. Na kila asubuhi mbele ya ubao zamu yangu ilipofika nilisema, "Sijakwama."

Ikafika siku ya kuijaribu kwenye kliniki moja ya meno. Bibi mmoja mwenye fimbo alikuja na shavu limevimba, akakuta saa yake amepewa pia mama mmoja mwenye mtoto, na daktari ni mmoja. Bibi akasubiri kwenye benchi mpaka mchana. Msimamizi alikuwepo, nami nilikuwepo.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniita pembeni akasema, "Kosa hili ni la kawaida, kila mtu hapa amelifanya. Lakini kila asubuhi tulikuuliza umekwama wapi, na tulikuwa tunakuuliza kweli." Halafu akaniambia kwamba Agosti wakikaa kuamua, hawezi kumtetea mtu asiyesema yuko wapi.

Sehemu nyingine nyepesi wamenipunguzia. Ile ngumu bado iko kwangu na bado sijaiweza. Na jana asubuhi, baada ya yote hayo, zamu yangu ilipofika niliyasikia maneno yakitoka yenyewe: "Sijakwama." Yule mzee wa mvi aliangalia viatu vyake.

Mama, sikulaumu. Ila nikifungua mdomo nakuona umesimama kibandani unamwambia Mama Redio kwamba mkono wangu hauinuki. Nafikiria kurudi kabla hawajanirudisha. Utawaambia nini watu? Ndilo ninalojiuliza kila siku.

Mwanao,
Sindano

27 Julai

Sindano, mwanangu wa pekee,

Marahaba, mara nyingi. Nimesoma nimekaa, nikasoma tena nimesimama, kisha nikafunga kibanda mchana kweupe, watu wakadhani kuna msiba.

Leo sikuulizi afya kwa maneno mengi. Nina jambo la kukuambia na nikizunguka sitalifikia.

Ile simu sijawahi kuiwasha.

Siku ile uwanja wa ndege, ulinionyesha upesi upesi na mizigo yako imeshapimwa. Ulisema bonyeza hapa, telezesha hapa, na mimi nikasema "nimeelewa" kabla hujamaliza. Sikuelewa hata moja. Niliona haya, kulikuwa na watu wengi wamevaa vizuri. Nilipofika nyumbani nikaifunga kwenye kile kitambaa kilichobaki nilipokushonea gauni la mahafali, nikaiweka kabatini chini ya mashuka. Hakuna mtandao mbaya, mwanangu, wala hakuna kuchaji. Kikundi kilipokuja kuuliza, niliwaambia simu imekwenda kwa fundi. Nimekudanganya wewe, nimewadanganya wao, na barua nimezisifia sana kwa sababu kalamu ndiyo ninayoijua.

Na lingine, maana nimeshafumua acha nifumue yote. Unaikumbuka ile hadithi yangu ya koti la velveti, nilipokuwa najifunza kushona? Nimekusimulia mara mia kwamba mteja alileta kitambaa kibovu. Kitambaa kilikuwa kizima. Velveti ina manyoya, yanalala upande mmoja. Ukikata kipande kimoja kichwa chini, kinang'aa tofauti na kingine. Mimi sikujua. Fundi aliyekuwa ananifundisha alikaa karibu nami hivi, kiasi cha kumgusa kwa futi ya kupimia. Sikumuuliza. Nilikata. Bwana harusi alivaa koti lenye kifua cha rangi mbili, na mpaka leo nikiona velveti natazama pembeni.

Kwa hiyo ule mkono wako kukaa chini darasani haukuwa akili peke yake. Ulikuwa umenitazama mimi. Nami nikaenda kuutangaza sokoni kama kitu cha kujivunia.

Usirudi. Ukirudi kwa sababu kazi imekushinda, nitakupokea na kitanda chako kipo. Lakini usirudi kwa ajili ya nitakachowaambia watu. Watu niachie mimi, nimewazoea.

Ukiipata barua hii, asubuhi yake mkisimama mbele ya huo ubao, zamu yako ikifika, sema umekwama. Usieleze, usijitetee, sema tu. Ili usiseme peke yako, mimi naanza huku. Naitoa simu kabatini na naipeleka kwa Mama Redio, aliye na simu kama hii na anaitumia kama kijiko. Unajua kwenda kwake kuomba kufundishwa ni nini kwangu. Ningeona afadhali kushona velveti.

Na huyo mzee wa mvi, niombee radhi kwake. Hajui nilimcheka, lakini mimi najua.

Mama yako, yuleyule

14 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilifika jioni, nikailalia chini ya mto kama mtoto.

Asubuhi nilisimama wa mwisho kwenye mstari. Zamu ikafika. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka: "Nimekwama. Tangu mwezi wa nne." Nilidhani wote wataangalia viatu vyao. Yule mzee alikuwa ameshaondoka ubaoni, anavuta kiti chake kuelekea meza yangu kabla sijamaliza. Akasema, "Mwaka wangu wa kwanza, kitu hikihiki kilinikalia miezi mitatu. Nionyeshe."

Kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumekipata. Programu ilikuwa inaangalia kama saa iko wazi, kisha inaiandika. Kati ya kuangalia na kuandika, mtu wa pili anapenya. Ilitakiwa vifanyike kwa pamoja, kama mlango unaofungwa nyuma ya mtu mmoja kabla mwingine hajashika kitasa. Mistari minne, mama. Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka, ingawa hakujua ninacheka nini. Radhi zako nimempa. Anasema amekusamehe, na wajukuu anao wawili.

Sasa nasema nimekwama karibu kila siku. Jana nilimbishia hodi hata yule jirani muosha vyombo, kadi ilikuwa imebaki ndani tena. Alinipa chai.

Uamuzi wao ni Ijumaa tarehe 30. Sijui watasema nini. Wiki mbili za kusema kweli huenda zisifute miezi mitano. Majibu sitayaandika kwenye barua. Nitayatuma kwenye simu, nijue kama kweli imetoka kabatini.

Mwanao anayekupenda,
Sindano

Ujumbe wa simu, 30 Agosti

mama wamenibakisha. msimamizi amesema alinitetea. umeuona ujumbe huu

Ujumbe wa simu, 1 Septemba

Mwanangu Sindano. Natumaini u mzima. Mimi mzima na goti pia. Ujumbe nimeuona juzi, kuujibu ndiyo imechukua siku mbili. Mama Redio yuko hapa pembeni yangu anakusalimu. Amenifundisha wiki tatu na hajamwambia mtu, hata mimi sikuamini. Nimelia kidogo nikaendelea kupiga pasi. Habari za kubakizwa kwako sijamtangazia mtu bado isipokuwa nesi na muuza mboga na fundi wa saa. Na nimewaambia ulikwama miezi minne ukauliza ukafanikiwa. Fundi wa saa amesema hata yeye hukwama. Sasa ninaona hapa juu kuna alama mbili, moja kama mkono wa simu ya zamani na moja kama kamera ndogo. Mama Redio anajua lakini nimemwambia asiseme, nataka kukuuliza wewe. Nimekwama. Nibonyeze ipi nikuone.

Mama