Mchawi Tuliyemwandika Wawili

Yaya Riziki,

Nakuita Yaya kwa kuwa wewe ndiwe dada yangu mkubwa; mpendwa sikuiti. Nimeliandika neno hilo mara mbili, na mara mbili nimelifuta.

Wiki jana ulinitumia sauti kwenye simu. "Sifa, mutoto wangu anasoma bile bitabu bya majini na mapendo mu telefone. Sasa masomo imefungwa, iko kwako vacances. Umuambie vile bilikuharibia maisha." Nilikuwa naanika mihogo hapa Mboko. Niliizima kabla hujamaliza kuniombea baraka.

Kilichoniharibia maisha, Yaya, si kitabu.

Unakikumbuka kile cha kwanza? Tulikikuta soko la Baraka, hakina jalada, na mama muuza ndagala anachana kurasa zake kufungia samaki. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kuondoka na wateja. Wewe ulijua Kifaransa kunishinda. Ulikaa juu ya ndoo nyuma ya jiko, ukawa unanitafsiria polepole: zamani za wafalme, farasi na mishumaa, na msichana mwenye mabawa, wa wale viumbe wa msituni ambao Wafaransa huwaita fe, akipendwa na mwanamume aliyeweza kugandisha mto kwa neno moja. Kitabu kilimwita magicien. Sisi tukamwita mchawi, maana hatukuwa na neno lingine.

Tulipokimaliza, tukaanza cha kwetu, kwenye daftari la shule. Tuliwaleta huku, enzi za misafara iliyovuka ziwa. Mchawi wetu alitoka ng'ambo, Ujiji. Msichana alishuka kutoka juu Minembwe na ukungu mabegani. Mimi niliandika maneno ya msichana, wewe ya mchawi. Na ulikuwa fundi, hilo sikunyimi. Mwanamume anayetuliza dhoruba, lakini kabla ya kumshika msichana mkono anauliza, "Unaniruhusu?" Nilikusomea mstari huo tena na tena, tukacheka mpaka mama akatugombeza. Nyumbani kwetu ni mwanamke gani aliwahi kuulizwa? Wewe mwenyewe ulirudi kuchota maji ukakuta umeshaposwa. Ndiyo maana tulizipenda zile hadithi. Mabawa yalikuwa pambo tu.

Kisha shangazi wa mchumba wako alilikuta daftari lile ndani ya sanduku lako. Lako! Tukaitwa sebuleni mbele yake, baba, mama na shemasi. Shangazi huyo alilifungua katikati, akasoma neno moja kwa sauti: mchawi. Mama akaanza kulia.

"Nani aliandika hii?" baba aliuliza.

Ulikuwa umeketi kando yangu, magoti yetu yamegusana. Ukalisogeza lako.

"Ni ya Sifa," ukasema. "Mi siyui kitu. Anaongeaka na bantu sisi hatubaoni."

Maneno ya kwanza ningeweza kukusamehe. Uliogopa harusi isivunjike, na mimi nilikuogopea pia. Lakini yale ya mwisho hukuulizwa. Uliyatunga papo hapo, kwa ufundi ule ule.

Siku tatu nilifungiwa kwenye chumba cha maombi bila chakula, wanawake wananikandamiza kichwa na kumfukuza pepo asiyekuwepo. Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, sikurudi darasani. Majirani waliwavuta watoto wao nikipita. Baba akanileta huku kwa mama mdogo, nilime. Msafara wa harusi yako ulipita mbele ya nyumba hii ukielekea Uvira, magari yakipiga honi. Nilisimama barabarani. Hukushuka.

Sasa mwanao Furaha yuko hapa. Anasoma akiwa ameketi mlangoni, midomo inacheza. Nilimwuliza, "Huyo mwanamume wa hadithi, anamtendea vipi huyo jini?" Akafikiri. "Anamusikilizaka," akasema. Nikamwambia aendelee kusoma.

Jana tukimenya mihogo akaniuliza, "Mama mudogo, ni kweli ulikuwa unaongea na majini? Mama alisema."

Kumbe hata kwa mwanao uliyapeleka. Miaka yote hii nilidhani unaona haya.

Basi nilimweleza lote: sokoni, daftari, sebuleni, goti. Sikuongeza kitu. Alimaliza kumenya muhogo aliokuwa ameushika.

"Mama ndiye aliandika yule mchawi?"

"Ndiye."

"Na aliandika muzuri?"

"Kushinda mimi," nikasema, na machozi yakanitoka kwa hasira. Nilikuchukia zaidi wakati ule kuliko siku ile sebuleni, kwa sababu yule aliyeandika vile angeweza kuwa dada yangu mpaka leo.

Usinitumie sauti tena. Furaha anapanda gari Jumamosi. Anakuja na maswali yake mwenyewe, na ameniambia atakuuliza mezani, baba yake akiwepo. Safari hii hakuna mdogo wa kumsukumizia.

Ni mimi, mdogo wako, utake usitake,

Sifa