Siku Shemeji Alipoingia Buchani

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumai wewe na shangazi hamjambo, na kwamba zile mbavu zimepona, unaweza tena kulalia ubavu. Mimi mzima, ukiacha meno mawili yaliyong'oka na jicho moja lililofumba kabisa. Usishtuke, nitakueleza.

Barua yako nimeipata. Unasema umesikia mumeo amewalilia wazee wetu, ametubu, nawe umeanza kufunga mizigo urudi. Basi nisikilize kwanza.

Jana asubuhi aliingia buchani, wateja wamejaa, akauliza nimekuficha wapi. Unaijua sheria ya tajiri wetu: ukiwa na kisu au shoka mkononi humjibu mtu, unatundika kwanza ndipo unafungua mdomo. Nami nilikuwa napasua paja. Nikageuka kimya nilitundike shoka, yeye akadhani namdharau. Akanyakua jiwe la mizani akanitwanga nalo mdomoni, nikaanguka. Tajiri akaingilia, akasukumwa kwenye kabati la kioo, mkono ukachanika hadi mfupa ukaonekana. Mimi niko chini natema damu, shemeji ananikanyaga, huku akiwatangazia wateja kwamba akikupata safari hii atakuvunja miguu, tuone utatoroka na nini. Huyo ndiye aliyetubu.

Shoka lilikuwa bado mkononi mwangu. Nikainuka, nikalitundika, nikamwambia sisemi ulipo. Akanitemea mate akaenda zake. Watu wakacheka. Muuza mkaa akauliza kama mimi ni mwanamume au pambo la duka, na tangu jana mtaa mzima unaniita Bibi Harusi.

Sasa hili sijamwambia mtu. Alipoinama kunikanyaga niliiona shingo yake, nikaona na kiungo kilipo, kama ninavyokiona kwa ng'ombe kila siku. Mkono ulishaanza kupanda. Wanasema niliogopa, na kweli niliogopa, ila si yeye. Wala haikuwa mara ya kwanza kujizuia. Miaka yote alipokuja kununua nyama, nikijua alichokufanya usiku, nilimkatia, nikamfungia, nikamwambia karibu tena. Wewe ukaniambia sina uchungu nawe. Uchungu ninao, dada. Nilikuwa nautundika ukutani pamoja na shoka.

Jana niliweza. Ukirudi, akakugusa tena, sitaweza. Mmoja utamzika, mwingine utampelekea chakula gerezani.

Fungua hiyo mizigo. Msalimie sana shangazi, mwambie magoti yake ayakande kwa maji ya moto. Kesho narudi kazini na uso huu huu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Muuza nyama