Bastola ya Kwanza ya Jood

Riyadh,
Ijumaa baada ya chakula cha mchana

Mpendwa Baba,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa penye jua la asubuhi, goti limekuachilia kidogo, na Mama yuko karibu akikuhimiza umalize chai kabla haijapoa. Mimi huku ni mzima. Mungu amenitunza, kazi inaendelea, na hata maumivu ya mgongo niliyokuwa nikimlilia Mama yamepungua tangu inunuliwe mashine mpya ya kufulia. Habari za Endebess? Yale mahindi ya upande wa bwawa yameshika baada ya mvua, au yamekuwa manjano tena? Yule mtamba mwekundu amezaa? Mama alisema yuko karibu, kisha mtandao ukakatika, nikabaki na mtamba wangu hewani.

Usishtuke kuona karatasi badala ya sauti. Dada mmoja wa kwetu, Roseline, anayefanya kazi hapa Riyadh, anakuja Kitale likizo. Tumeagana kukutana Batha jioni hii, kwenye kile kituo cha mabasi ambapo Wakenya wote hupatana siku ya Ijumaa. Nimemwomba akukabidhi barua mkononi mwako wewe, si mwa mwingine. Ni binti mwaminifu, mpe chai. Ninayotaka kukueleza hayafai kwa simu, na ukianza kusoma utajua kwa nini.

Unamkumbuka Madam Hanan niliyekusimulia, yule mwalimu mjane. Tunaishi Aziziya kule Jeddah, yeye, mimi na binti yake Jood. Jood amemaliza chuo, msichana mpole, mwenye vidole vyembamba kama vya mtoto. Tangu baba yake afariki alikuwa mtu wa chumbani. Nilimpelekea sahani, nikairudisha jikoni vile vile ilivyokwenda. Kila jioni Madam alisimama nje ya mlango wake akimsimulia vituko vya wanafunzi wake, na ndani hakikusikika hata kikohozi. Madam alimaliza hadithi, akagusa mlango kwa kiganja, akaenda kulala.

Mapema mwaka huu binamu wa Jood aliyeko Riyadh alimwalika, akampeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha. Siku hizi wasichana wa huku huucheza mchezo huo kama wengine wanavyocheza mpira. Jood aliporudi aliingia jikoni kwa miguu yake, akaniuliza kuna chakula gani. Nilimpakulia wali na kuku. Alikula akiwa amesimama, huku akinieleza jinsi unavyotoa pumzi nusu, ukaizuia, ukavuta kifyatulio polepole hata mlio ukakushtua mwenyewe. Madam alikuwa mlangoni akimsikiliza. Machozi yalimtiririka na wala hakujisumbua kuyafuta.

Kwa hiyo Jood alipoomba anunuliwe bastola yake mwenyewe ya mashindano, mama yake hakuweza kukataa. Alisema tu kwamba yeye anaishi kwa mshahara wa mwalimu, basi iwe ya bei ya mwalimu. Kuanzia hapo nyumba yetu haikuwa na mazungumzo mengine. Wakila, simu ziko mezani zikionyesha picha za bastola. Nikiondoa vyombo nasikia kwamba anayeanza anahitaji ile ya risasi ndogo kabisa, zile nyembamba kama kifuniko cha kalamu, kwa sababu risasi zake ni rahisi na haimpigi mtu teke mkononi ikifyatuka.

Baba, maneno hayo yalinifuata hadi kwenye sinki. Nilivunja bakuli mbili za Madam wiki hiyo. Usiku nilijifungia mlango, na mlango wenyewe hauna anayeusukuma.

Mwishowe nilimwendea Madam. Nilimwambia kwa adabu zote kwamba nampenda Jood na nimefurahi kumwona akila, lakini bastola ikiingia ndani ya nyumba ile, mimi nitaomba nirudishwe kwa wakala. Madam aliudhika, na sikumlaumu. Aliniuliza tangu lini mfanyakazi anamchagulia kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, vitu vya kuweka nyumbani. Alisema mtoto wake amefufuka, na mimi nataka kumrudisha kaburini. Kisha akasema, "Halas, Velma. Ukitaka kwenda, utakwenda." Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, iko mikononi mwake, Baba. Nilirudi jikoni nikijua pengine nimejifukuza mwenyewe, na karo ya chuo ya mdogo wangu Lorine bado iko shingoni mwangu.

Jood alinifuata. Alichukua kisu, akaanza kukata matango pamoja nami, vibaya sana, vipande vikubwa kama vya kulisha ng'ombe. Alisema, "Niambie ni nani." Hakusema niambie ni nini. Alisema ni nani.

Nikamwambia. Ni mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani kutamka jina la Dancan mbele ya mtu. Nilimweleza kwamba nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, aliyependa kukuiga kila kitu, hata kukohoa. Kwamba wezi wa mifugo walikuwa wakishuka mpakani, na wewe ukachaguliwa kuwa polisi wa akiba, ukapewa bunduki ya serikali. Kwamba asubuhi moja ulirudi kutoka doria umechoka, ukaisimamisha nyuma ya mlango, ukaenda kuoga, na Dancan akaishika ili apige saluti kama wewe. Niliishia hapo. Jood aliweka kisu chini, akanishika mikono yote miwili na maji yake ya matango, akalia kwa lugha ya kwao na mimi nikalia kwa ya kwetu.

Asubuhi yake Madam alinikuta nikipiga deki. Alisema Jood amemweleza, na kwamba yeye hakujua. Kisha akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Jood naye alitangaza kwamba safari ya Riyadh ya kununua hiyo bastola, ambako kuna mwalimu wake na aina nyingi za kuchagua, haiendi bila mimi. Alisema hataki niamini kwa maneno, anataka nione kwa macho. Nilikubali kwa sababu yake tu. Ndiyo maana nakuandikia nikiwa Riyadh, nyumbani kwa kaka yake Madam.

Jana tulikwenda kwenye hiyo klabu, nje ya mji, kupita maghala ya Al-Sulay. Mwalimu anaitwa Maha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika. Alitandika kitambaa kijani mezani, akaweka bastola tatu. Mimi nilisimama nyuma, karibu na mlango, mkoba nimeukumbatia.

Ya kwanza ilikuwa nzuri hata mimi nikaiona, ina mpini wa mbao uliochongwa kufuata vidole. Madam aliuliza bei, akarudi nyuma hatua moja kana kwamba imemuuma. Mwalimu Maha alicheka, akasema hiyo ni ya mtu aliyekwisha kujua anachokosea, anayeanza itampa maringo tu. Ya pili ilikuwa nyepesi, ya plastiki, bei ndogo kuliko zote, na Jood aliipenda mara moja. Mwalimu akamwambia ailenge ukutani, ahesabu taratibu. Kabla hajafika mbali ncha ya mtutu ilianza kucheza huku na huko kama mkia wa mbuzi. Mwalimu akasema chombo chepesi ni raha kukibeba na taabu kukituliza.

Ya tatu ilikuwa imetumika. Ya chuma, nyeusi, imechubuka kwenye kona, mtutu wake mrefu kidogo. Mwenyewe alikuwa mwanachama aliyehamia mchezo mwingine. Wala haikupendeza. Mwalimu alimwambia Jood afumbe macho, aiinue kuelekea shabaha, kisha afumbue. Jood alipofumbua, ilikuwa inatazama palepale katikati. Akarudia, ikawa vile vile. Mwalimu alimkagua kidole, akaona kinafika kwenye kifyatulio kwa ile nyama ya mbele bila kujinyoosha. Akasema vipuri vyake vinapatikana, ile alama ya nyuma ya kulengea inarekebishika, na pesa itakayobaki Madam anunue risasi, kwa kuwa mtu hujifunza kwa kurudia, si kwa kumiliki. Kisha akasema neno lililonigusa: kwamba bastola ya kwanza haitakiwi kumfundisha mtu woga.

Waliichukua hiyo. Madam alikuwa amefurahi, akasema yalla, tulipe twende. Lakini mwalimu alimzuia. Alisema hatamuuzia mtu kabla mama wa nyumba hajajibu swali moja. Akachomoa kile kikasha cha risasi kwenye mpini, akakiweka mezani, akamkabidhi Madam bastola na kumwuliza, "Je, sasa iko tupu?"

Madam alisema ndiyo, si kikasha ni hiki hapa. Mimi pia, moyoni, nilisema ndiyo.

Mwalimu akaichukua, akavuta sehemu ya juu kwa nguvu, na risasi moja ikaruka kutoka ndani, ikaanguka kwenye kitambaa. Ilikuwa ya bandia, ya mafunzo. Madam alijishika mdomo. Mwalimu alieleza kwamba kutoa kikasha hakuitoi ile risasi iliyokwisha kupanda ndani ya mtutu, na kwamba watu wengi wazuri, waangalifu, wameuawa au wameua kwa kutojua jambo hilo moja, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha.

Baba, nilitoka nje. Nilikaa kwenye ngazi, kwenye jua kali, na sikulisikia jua hilo. Sasa naomba uketi vizuri, kama umesimama.

Asubuhi ile ya Dancan, baada ya watu kujaa uani, shangazi alinipa shati lako la sare niliondoe machoni pa Mama. Nililipeleka nyuma ya nyumba. Lilikuwa zito upande mmoja. Nilitia mkono mfukoni nikatoa kitu cha chuma, kimepinda kidogo, kina risasi ndani. Sikujua ni nini. Askari alikuja akakichukua, wala hakuniuliza kitu. Nilikuwa msichana wa shule, nikakisahau, au nilidhani nimekisahau. Halafu nikakua nikisikia wanavyosema sokoni na hata kanisani, kwamba Elkanah aliacha bunduki imejaa risasi mbele ya watoto. Kwamba alikuwa amelewa, wewe ambaye hujawahi kuonja. Nawe hukumjibu mtu. Ulirudisha bunduki ya serikali, ukahamishia kitanda chako kwenye kile chumba cha magunia, ukanyamaza.

Jana ndipo nilipojua nilichokuwa nimeshika. Ulikuwa umekitoa kikasha, Baba. Ulirudi umechoka, na kabla ya kuingia kwa watoto wako ulikitoa, ukakitia mfukoni, ukaamini umeifanya salama. Ulifanya yote uliyoyajua. Walikupa bunduki na kofia wakakwambia nenda ukalinde mifugo ya watu, na hakuna aliyekutandikia kitambaa kijani mezani akakuuliza kama iko tupu.

Sijui kama umewahi kumwambia Mama. Nadhani hukumwambia, kwa sababu uliona kujitetea ni kama kumzika Dancan mara ya pili. Lakini mimi najua sasa, na nataka ujue kwamba najua. Sina kinyongo nawe. Hata nilipokuwa sijui sikuwa nacho, ila sikuwahi kukwambia kwa maneno, kwa sababu nyumbani kwetu hilo jambo lilifungiwa na ufunguo hakuna aliyejua uko wapi.

Jood alinikuta pale kwenye ngazi akaketi kando yangu. Aliniambia bastola haitaingia Aziziya. Klabu ya Jeddah ina chumba cha chuma cha kuhifadhia, na yeye atakwenda kuikuta huko huko siku za mazoezi. Alisema alikwisha kuamua hivyo tangu siku ya matango, alitaka tu mama yake aone sababu kwa macho yake. Madam alikuja nyuma yetu. Alisema nikitaka kwenda bado nina ruhusa, lakini akaomba nisiende. Nimesema nitakaa. Mwalimu Maha alinialika nijaribu kufyatua hata mara moja, nikamshukuru, nikakataa. Sikuigusa na sitaigusa. Kutazama kulinitosha.

Nisalimie Mama, umwambie vitenge vyake viko kwa Roseline. Msalimie Lorine, asome, karo itafika. Salamu kwa shangazi na kwa wote wa kanisani, hata wale waliosema. Ukipenda kumsomea Mama barua hii, msomee. Ukipenda kuichoma, ichome, mimi nitakuwa nimekwisha kukwambia.

Jumapili nitapiga simu mkitoka ibadani. Kila nikipiga unanisalimu, unaniuliza kama ninakula, kisha unampa Mama simu. Jumapili hii, Baba, usimpe haraka.

Ni mimi mwanao,
Velma