Dada Kwenye Mashine Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi
Sikufukuzwa. Naandika hilo kwanza ili nilione kwa macho yangu. Tangu ziletwe mashine za mteja kujilipia, sijapata usingizi wa maana — makeshia tulikuwa saba, kaunta zimebaki tatu. Leo meneja kaniita ofisini. Kumbe nimehamishwa tu: nisimame kwenye mashine, niwasaidie wanaokwama. Mshahara uleule. Nikasema asante mara tatu kama mjinga.

Jumatano, 5 Machi
Mashine sita, na kila moja ina kisirani chake. Ikikataa kitu, taa nyekundu inawaka. Nafika, nagusisha kadi yangu, nabonyeza, naondoka. Mama mmoja kagombana nayo: nimeshaweka, unataka niweke mara ngapi? Mzee mwingine akaiaga kabisa — haya, tutaonana wiki ijayo. Nimecheka leo kuliko mwaka mzima. Na mgongo hauumi.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kaja dukani.
Niandike polepole. Dada yangu wa tumbo moja, hatusemezani huu mwaka wa nne. Mguu wa mama uliharibika kwa kisukari, daktari akasema ukatwe siku hiyohiyo. Dada alikuwa safarini, simu haipatikani. Nikasaini mimi. Mama akaishi siku tisa. Baada ya mazishi dada akaniambia nimemzika mama nusu. Tangu hapo akiniona barabarani, anavuka upande wa pili. Dukani kwetu hakanyagi, na anakaa mtaa wa nyuma tu.
Leo kaingia, akachungulia kaunta zote tatu. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, nabadilisha karatasi za risiti. Akaenda mashine ya mwisho, akalipa, akatoka. Alikuwa anahakikisha sipo? Au alikuwa ananitafuta?
Amekonda.

Jumanne, 11 Machi
Mume wangu anasema nimfuate kwake nikamsalimie, yaishe. Nikamjibu wewe umezaliwa peke yako, hujui haya mambo. Hakukasirika. Akanimenyea chungwa.

Jumamosi, 15 Machi
Saa nane hivi, taa ya namba nne. Nikaenda bila kutazama uso, nikaona mikono kwanza. Vidole vya mama vilevile. Dada alikuwa ameweka mkoba wake kwenye trei, mashine imegoma, na ile sauti yake inarudia: subiri mhudumu, subiri mhudumu.
Mhudumu mwenyewe ndiye mimi.
“Shikamoo, dada.”
Akaendelea kubonyeza kioo. Nyuma yake foleni.
“Utoe mkoba hapo. Inaupima kama bidhaa.”
Akautoa. “Haina adabu mashine yenu,” akasema. Aliniambia mimi! Nikagusisha kadi, ikanikataa mara ya kwanza.
Akaendelea kuskani, sabuni, maziwa, balbu, haniangalii. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Nilienda kwa yule daktari. Nikamuuliza kama ungenisubiri mimi ingekuwaje.”
“Akasemaje?”
“Kwamba mama asingefika asubuhi.”
“Ulienda lini?”
“Mwaka juzi.”
Mwaka juzi. Miaka miwili analijua hilo na bado anavuka barabara. Ningepaswa kukasirika, na labda kesho nitakasirika. Ila nilichosikia kifuani ni kama mtu kanitua gunia la mchanga. Nikashika ukingo wa mashine.
“Nilishindwa nianzie wapi,” akasema. Risiti ikatoka, akaikunja mara nne. “Marahaba,” akasema. Kachelewa, lakini kaitika.
Taa ya namba mbili ikawaka, meneja ananitazama. Dada akauliza natoka saa ngapi. Saa kumi, nikamwambia. Akachukua mifuko, akaenda bila kuaga.

Sasa ni saa kumi na dakika sita. Nipo chumba cha kubadilishia nguo. Dirishani namwona, yupo kwenye benchi la nje, mifuko kati ya miguu. Kumbe hakwenda nyumbani. Amekaa hapo karibu saa mbili nzima, na maziwa yale juani. Sare nimevua, kiatu nimevaa kimoja, na badala ya kutoka nimekaa naandika. Nikifika pale nikae kwanza, au niseme kwanza?
Amesimama. Anatazama mlango. Amekaa tena, amesogeza mifuko upande, benchi lina nafasi ya —