Mkanda Wako Sasa Uko Mezani Kwangu

Dada Minza,

Mwangaluka. Sijui kama huko uliko kuna asubuhi, ila huku kumekucha na mimi nimekaa mbele ya cherehani yangu, hapa sokoni Bariadi, na sijashona hata mshono mmoja. Jana jioni nilitwaa ubingwa wa mieleka. Mkanda uko hapa mezani, nimeufunika kwa kipande cha kitambaa cha sare za shule kwa sababu siwezi kuutazama. Tangu nilipoamka najipapasa shingo.

Naogopa, dada. Nilikuwa naogopa tangu siku ile ulipoanguka Mwanhuzi, nikajiambia pambano la jana likipita na hofu itapita. Haijapita.

Kuna mambo hukuyaona. Hukumwona refa akihesabu. Unakumbuka mvua ilikuwa imenyesha mchana, mvua ya ajabu maana watu walishavuna pamba, na turubai la ulingo lilikuwa halijakauka. Nilikuwa kwenye kona yako, nimeshika taulo. Radi, mpinzani wako, alikuinua kichwa chini miguu juu, ule mchezo wenu mliouita Kisima, mlioufanya mara nyingi mpaka mkawa mnacheka wewe ukiwa juu. Mguu wake ukateleza, ukatua kwa shingo. Nilisikia mlio, Minza. Watu hawakuusikia, walikuwa wanashangilia. Radi akakuangukia kifuani, na refa, ambaye hakujua umeumia, akapiga kiganja chini, moja, mbili, tatu. Mpango ulikuwa ushinde wewe, sote tulijua hivyo. Lakini refa akishahesabu amehesabu. Ubingwa ukakutoka pale pale, umelala macho wazi.

Tulikupakia kwenye lori, juu ya mizigo ya pamba ili usitikisike. Njiani ukaniuliza, "Kabula, miguu yangu umeiweka wapi?" Nilikuwa nimeishika yote miwili. Nikakwambia ninayo, usijali. Hukuniuliza tena kitu. Sauti yako ile naisikia kila ninapokanyaga pedeli ya cherehani.

Baada ya mazishi huko Nkololo, watu walipokuwa wameanza kutawanyika, Radi alikuja nyumbani kwenu. Alikuja peke yake kutoka Shinyanga, kajifunga kanga mbili, huwezi kujua kama ndiye yule anayerukaruka ulingoni na kuchekesha watoto. Alipiga magoti mbele ya Mayu, mama yako, akautoa mkanda kwenye mfuko na kuuweka juu ya mkeka. Mayu aliutazama, kisha akasema, "Mwanangu, simama. Wewe sikukatazi kuja hapa. Ila hicho kitu kisivuke mlango wangu tena." Radi hakutaka kuugusa. Nikauchukua mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyenyoosha mkono.

Nikaja nao hapa mjini, nikauweka chini ya meza ya kukatia nguo. Basi maneno yakaanza. Wateja wangu wenyewe waliniambia nautunza msiba. Wanasema mkanda huu una mkosi, kila aliyeuvaa umemmaliza. Wanasimulia kwa mpangilio kabisa, na wanavyosimulia ndivyo damu inavyonipoa. Nimejaribu kuwasahihisha. Ngoja nikusimulie wewe, unikosoe nikikosea, maana ulinisimulia tukiwa godauni, tumelala chali kwenye vumbi la pamba baada ya mazoezi.

Wa kwanza kuuvaa alikuwa Mama Pendo, muuza samaki wa Lamadi. Meneja wetu, Mzee Spika, alimwomba fundi viatu akate ngozi ya ng'ombe, halafu fundi masufuria akagonga kile kipande cha mbele na kukichonga nyota. Mama Pendo aliupata kwa sababu hakukuwa na mwanamke wa kumnyanyua. Ulisema alikuwa akiingia ulingoni ananuka sangara mpaka refa anageuza uso. Siku moja pale Nyalikungu aliuvua mbele ya watu wote, akaulaza chini, akasema ameokoka na kazi ya kupigana ameiacha. Wanaosimulia sasa wanasema alipagawa. Hakupagawa. Yupo Lamadi, anauza samaki na kuimba kwaya.

Ubingwa ukabaki wazi, mkaugombea wewe na Swila wa Meatu. Akakushinda, na jino lako moja likabaki kwenye kiwiko chake. Hilo halikuwa kwenye mpango. Swila aliutawala mchezo mpaka wanawake wakawa wanakwepa kupangwa naye, kisha akaolewa Dodoma na kuondoka na mkanda kwenye sanduku la nguo. Mzee Spika akatengeneza mwingine wa boksi, akaubandika zile karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Wewe ndiye uliyeuvaa ule wa bandia. Halafu ikanyesha, boksi likalowa, likakudondokea vipandevipande katikati ya ulingo. Watu wakacheka, ukacheka nao, ukaokota kipande kimoja ukakivaa kama hereni. Nilikuwepo miongoni mwa watazamaji siku hiyo. Sikuwa nakufahamu. Nilicheka mpaka nikalia, na nikasema moyoni yule dada nataka kumjua.

Kumbe ungekuja mwenyewe kibandani kwangu nikushonee nguo ya ulingoni. Nilipokupima mabega utepe haukutosha. Ukasema, "Usishangae, hayo ni mabega ya jembe." Ukanishika mkono, ukaubinyabinya kama unachagua mtama, ukaniambia nije godauni.

Swila alirudi, mkapambana kwa ajili ya mkanda wenyewe, na ukauchukua. Hakuuawa na mkosi. Anakaa kwake, amenenepa, na alinitumia salamu za rambirambi. Hiyo ndiyo historia yake yote. Mmoja ameokoka, mmoja ameolewa, mmoja ameteleziwa. Nikiisema mchana kwa sauti naiamini. Nikikaa kimya nabaki na yule wa tatu tu.

Sasa nisikilize ya jana.

Mzee Spika alitangaza pambano la ubingwa Bariadi, Radi dhidi yangu. Hakuniuliza. Nilisikia kwenye gari la matangazo likipita sokoni, jina langu limechanganywa na lako: mwanafunzi wa marehemu. Nikamfuata. Akaniambia mpango ni mimi nishinde, lakini kwanza Radi aniinue Kisima. Nilidhani sijamsikia vizuri. Akasema, "Watu wanakuja kwa ajili ya hicho, Kabula. Wasipokiona watasema tumewadanganya." Alisema bila kupepesa macho.

Niliondoka nikitaka kukataa. Nikamkuta Radi amekaa kwenye benchi langu la wateja, ananisubiri. Macho yamemwingia ndani. Akaniambia hakuna anayekubali kushikwa naye tena, hata mazoezini wenzake wanahama upande akisogea. Akasema, "Ukikataa na wewe, sitakulaumu. Nitarudi kulima." Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi pia sijui kama naweza. Namwota kila nikilala." Ndipo nikajua tuko wawili tunaokuogopa, dada. Samahani kwa neno hilo. Tulikuogopa.

Nikakubali. Usiniulize kwa nini. Nadhani ni kwa sababu yeye na mimi ndio tuliokushika siku ile.

Godauni hatukuthubutu kujaribu Kisima hata kidogo. Tulifanya mengine yote. Tulipofika sehemu hiyo tulikuwa tunaruka, tunasema "hapa tutaona," na kwenda kunywa maji.

Jana uwanja ulijaa. Watu wa pamba, watu wa mnadani, wengine wamepanda juu ya matrekta. Asubuhi nilipapasa turubai lote kwa viganja, lilikuwa kavu. Nikapapasa tena. Nilisimama nyuma ya gari nikisubiri kuitwa. Nikakumbuka ulivyonifundisha: kidevu kifuani, toa pumzi kabla hujagusa chini. Nikawa nayasema mpaka maneno yakapoteza maana.

Mwanzo ulienda vizuri. Nilimtupa, akanitupa, watu wakapiga miluzi. Kisha sauti moja ikaanza upande wa matrekta, "Kisima! Kisima!" na uwanja mzima ukaitikia. Wakawa wanapiga makofi kwa pamoja. Minza, walikuwa wanafurahi. Walikuwa wanataka kuona ulivyokufa.

Radi akanishika kiunoni. Akaninyanyua. Mara mbingu ikawa chini na watu wananing'inia juu, na damu yote ikanijaa masikioni. Nilikuwa nashika mapaja yake kwa nguvu hadi kucha zikaingia. Akasema, taratibu, mimi tu ndiye niliyesikia, "Kabula, siwezi."

Nikamwambia, "Usiniachie."

"Sikuachii. Ila kushuka siwezi."

Tukabaki hivyo. Sijui ni muda gani. Nilikuwa nikisikia moyo wake ukigonga mgongoni kwangu. Kelele zikaanza kupungua, watu wakaanza kuulizana kuna nini. Nikafumba macho nikasema niweke tu chini, Vero, niweke kama ndoo. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani. Akapiga goti moja, kisha la pili, akanilaza ubavu pole pole, kama mtu anayetua maji kichwani bila kumwaga.

Uwanja mzima ukalipuka kwa zomeo. Chupa zikaanza kurushwa. Mzee Spika alikuwa anafoka kwenye kipaza sauti, sijui alikuwa anasema nini. Radi akajilaza chali mwenyewe, katikati ya turubai, akanyoosha mikono pande zote mbili. Akaniambia, "Nilalie." Nikamlalia. Refa alisita, akatutazama, kisha akapiga kiganja: moja. Mbili. Nilipokuwa nasubiri tatu nilihisi kifua chake kinapanda na kushuka chini yangu, na nikalia kwa sababu kilikuwa kinapanda na kushuka.

Ndivyo ubingwa ulivyohama, kwa zomeo na maganda ya miwa. Radi alinifunga mkanda yeye mwenyewe. Halafu akateremka, akapita katikati ya watu bila kuangalia pembeni. Hakuna aliyemgusa.

Baadaye Mzee Spika alitukusanya wanamieleka wote nyuma ya gari. Alisema tumemwaibisha. Alisema wiki ijayo ni Mwanhuzi, na huko Kisima kitafanyika, na kama sisi hatuwezi kuna wasichana wa Mwanza wanaoweza. Wenzangu wote wakaangalia chini. Nami nilikuwa naangalia chini. Kisha nikasikia sauti yangu inasema kwamba bingwa ni mimi, na nikiwa bingwa hakuna mwanamke atakayeinuliwa Kisima kwenye ulingo huu, awe wa Bariadi au wa Mwanza, na anayetaka mkanda auchukue kwa njia nyingine. Sauti ilikuwa nyembamba mno. Mzee Spika alinitazama kama mtu aliyesemeshwa na kuku. Aliingia kwenye gari akafunga mlango.

Kwa hiyo sijui, dada. Labda atanifukuza. Labda atawaleta hao wa Mwanza na watanyanyuana mbele yangu. Asubuhi hii mmoja wa wenzetu, yule mnene wa Maswa ambaye huwa hasemi, alipita hapa kibandani. Hakutaja ya jana. Alinipa mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akasema, "Hata mimi sitaki kuinuliwa," akaenda zake. Ni mmoja. Wengine sijawaona.

Mayu bado hajajua. Jumapili baada ya misa nitaenda Nkololo nimweleze kwa kinywa changu kabla hajasikia kwa watu. Mkanda nitauacha hapa, nitaheshimu mlango wake. Hilo la kumweleza naliogopa kuliko matusi ya uwanja mzima.

Lala, Minza. Wabeja kwa yote. Sikuahidi kwamba sitaogopa, ningekudanganya na ungejua. Ninachokuahidi ni hiki: nitaenda Mwanhuzi. Nitapanda ulingo ule ule, nitasimama pale ulipolala, na mpambano ukiisha, mimi na huyo nitakayepangiwa tutashuka wote wawili kwa miguu yetu.

Mdogo wako,
Kabula